Hatua Moja Nyuma

Nakuomba, msomaji, uweke kitabu hiki chini kwa muda mfupi, usimame katikati ya chumba ulimo, na ukabili ukuta mmojawapo. Sasa jifanye kwamba mwili wako umepewa amri nne tu. Amri ya kwanza ni kwenda mbele, na mbele ni kule uso wako ulikoelekea, si kwingineko. Amri ya pili ni kuruka kinyumenyume. Ya tatu ni kugeuka papo hapo kwa mkono wa kushoto, na ya nne ni kugeuka kwa mkono wa kulia. Ukitaka kufika mlangoni, nao uko ubavuni mwako, huna ruhusa ya kuuendea moja kwa moja. Sharti ugeuke kwanza, polepole kama mlango mzito juu ya bawaba zake, mpaka uso wako uuelekee, ndipo uende. Ukigeuka kupita kiasi utagonga ukuta. Ukigeuka pungufu utagonga kabati. Ukimaliza safari hiyo fupi pasipo kucheka wala kukasirika, basi umenipita mimi kwa uvumilivu.

Hivyo ndivyo alivyotembea Lara Croft katika mchezo wa video uitwao Tomb Raider, uliotengenezwa na kampuni ya Core Design ya mji wa Derby, Uingereza, na kutolewa mwaka wa 1996. Wachezaji waliupa uendeshaji wa namna hiyo jina la kifaru, kwa maana ya gari la vita, ambalo hugeuka papo hapo juu ya minyororo yake kisha likaenda mbele. Katika Kiswahili jina hilo ni la mnyama pia, na nakiri kwamba mpaka leo mnyama ndiye anijiaye akilini kwanza. Habari ninayotaka kukusimulia ni ya mchezo huo, na ya ndugu yangu, na ya neno moja nililolitamka nikiwa na umri wa miaka 12.

Tulikaa Mombasa, mtaa wa Majengo, katika nyumba ya vyumba viwili na ukumbi mdogo. Mwaka wa 1999 mjomba wetu, aliyekuwa akifanya kazi Dubai, alirudi likizo na mtambo wa PlayStation alioufunga ndani ya kanga za mama ili usivunjike njiani. Ulikuja na diski mbili, moja ya kandanda na moja ya Tomb Raider. Ile ya kandanda ilikwaruzika kabla ya mwezi kwisha, tukabaki na Lara na mapango yake. Kaka alikuwa na miaka 17, kwa hiyo padi, yaani kile kidude cha kushika mikononi chenye vitufe, ikawa yake kwa haki ya umri. Mimi nilipewa daftari na kalamu ya risasi nichore ramani za njia tulizopita, na nilijitwalia kazi nyingine ambayo sikupewa na mtu, nayo ilikuwa kupiga kelele.

Katika mchezo huo mna nyumba ya Lara mwenyewe, jumba kubwa lenye ukumbi wa mazoezi, na humo yeye mwenyewe humfundisha mchezaji kwa sauti yake namna ya kukimbia, kuruka na kudaka ukingo. Kaka alikaa humo juma zima. Akaruka kutoka sanduku hili hadi lile, akaanguka, akapanda tena, akaruka. Mimi nilitaka pango la Peru. Nilitaka mbwa-mwitu na dubu. Nikaona ni upuuzi kwa mtu aliyepewa dunia nzima kukaa nyumbani kama mgonjwa. Nikamwuliza kila jioni kama leo tutatoka. Akanijibu kwa upole kwamba bado mkono haujajua.

Sikulielewa jibu hilo. Kwa mtazamaji kazi ya mkono haionekani. Aketiye sakafuni mbele ya televisheni huliona pengo, humwona Lara amesimama kando yake, na ndani ya nafsi yake amekwisha ruka na kufika ng'ambo. Haoni kwamba kati ya nia na mruko pana vidole vinane na vidole gumba viwili vinavyopaswa kukubaliana. Kila Lara alipoanguka nilimlaumu Kaka, na kila alipofika salama nilimsifu Lara. Sijui kama umewahi kukaa karibu na dereva ukakanyaga sakafu kwa mguu wako kana kwamba breki iko upande wako. Mimi nilikuwa abiria wa namna hiyo, tena mwenye mdomo.

Mwaka wa 2000 ukame ulipunguza maji ya mabwawa yaliyozalisha umeme wa nchi yetu, nao umeme ukawa wa mgawo. Taa zilikuja na kwenda kwa zamu. Kwa wenye friji ilikuwa hasara, na kwa wenye viwanda ilikuwa hasara kubwa zaidi. Kwetu ilikuwa na maana moja tu. Katika Tomb Raider ya PlayStation mchezaji hakuweza kuhifadhi safari yake popote apendapo. Palikuwa na mawe ya buluu yang'aayo yaliyowekwa mahali maalumu, na ukilifikia jiwe moja na kulitumia, basi hapo ulipofika pangeandikwa katika kadi ya kumbukumbu. Umeme ukikatika kabla ya jiwe, kazi yote ya tangu jiwe lililotangulia ilipotea. Tulicheza kwa jicho moja kwenye televisheni na jicho jingine kwenye saa ya ukutani.

Jioni moja ya mwaka huo marafiki watano wa Kaka walikuja kutazama. Tulikuwa katika lile bonde lililofichika ndani ya milima, lenye maporomoko ya maji na mnyama mkubwa wa kale ambaye mngurumo wake ulimkimbiza mama kutoka jikoni. Huko mchezaji hutafuta magurudumu matatu ya meno, ayafunge katika mtambo, maji yabadili njia. Kaka alikuwa ameyapata mawili. Lilikuwapo pengo moja pana juu ya genge, na muda wa umeme ulikuwa umebaki kidogo. Alimsogeza Lara mpaka ukingoni. Kisha, badala ya kuruka, akamrudisha nyuma. Mimi niliona muda unapotea. Alipoanza kukimbia tu, nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote: "Ruka!"

Kaka alishtuka. Lara alikanyaga hewa.

Alianguka kwa kilio kile kirefu ambacho wachezaji wa siku hizo hawakisahau. Kabla hajaanza tena, taa ya ukumbini ikazimika, na mtaa mzima ukawa giza. Katika giza hilo, mbele ya vijana watano, nilisema, "Kaka ana mkono wa ubao."

Walicheka. Kicheko cha gizani ni kibaya kwa sababu hujui nani anacheka na nani amenyamaza. Kesho yake jina lilikuwa dukani, na kesho kutwa lilikuwa uwanjani. Mkono wa Ubao, wakamwita, alipodaka mpira na alipouponyoka vilevile. Aliitwa hivyo hata na watu ambao hawakuwahi kuiona PlayStation yetu. Kaka hakunipiga wala hakunisema. Aliiweka padi juu ya televisheni na hakuishika tena nikiwapo mimi. Mwaka uliofuata mama aliuuza mtambo ada ya shule ilipodaiwa, na daftari langu la ramani likawashia jiko.

Usidhani kwamba niliishi na majuto tangu siku hiyo. Sikuyafikiria mambo hayo kwa miaka zaidi ya 20. Nilikua nikijua, kama mtu ajuavyo rangi ya mlango wa nyumba yao, kwamba Kaka hakuwa hodari wa michezo ile, na kwamba ningepewa padi mimi tungeyaona maji yakigeuka njia.

Tarehe 14 Februari 2024 Tomb Raider ilitolewa upya pamoja na michezo miwili iliyoifuata, ikiwa imepakwa rangi mpya na mwanga mpya, lakini mapango yake yaleyale. Kampuni ya Aspyr iliyoifanya kazi hiyo ilimwachia mchezaji achague: uendeshaji wa kale au uendeshaji wa kisasa. Mwanangu, mwenye miaka 13, aliupata mchezo huo wakati wa likizo ya Agosti. Nilimwamuru achague ule wa kale ili aone jinsi wazee wake walivyocheza. Baada ya dakika kumi aliniletea padi mkononi akasema, "Baba, huu umeharibika. Haugeuki."

"Haujaharibika," nilimwambia. "Mtindo wenu wa siku hizi ni wa kudekezwa. Nipe nikuonyeshe."

Msomaji, nilianguka mara kumi kabla sijaacha kuhesabu. Nilianguka katika pengo ambalo mtoto wa miaka 12 angeapa kwamba ni la kuvukwa kwa macho yaliyofumbwa. Nilimgongesha Lara ukutani, nikamgeuza amtazame mbwa-mwitu kwa kisogo, nikabonyeza kitufe cha kuchomoa silaha nilipotaka kile cha kuruka. Mwanangu alisimama nyuma yangu akaanza kuniambia la kufanya. Sauti yake haikunisaidia hata kidogo. Nilimwomba anyamaze, na mara neno hilo liliponitoka nilihisi joto likinipanda shingoni.

Nilicheza usiku tatu mfululizo, watu wa nyumbani walipokwisha lala. Acha nikueleze nilichojifunza, maana kimeandikwa katika mfupa wa mchezo wenyewe.

Dunia ya Tomb Raider imejengwa kwa miraba, kama sakafu ya vigae. Kila genge, kila ngazi, kila pengo lina kipimo cha miraba kamili. Mruko wa Lara pia una kipimo. Akiruka kutoka mahali aliposimama huvuka mraba mmoja. Akiruka kwa kukimbia huvuka miwili. Akikimbia, akaruka, na mchezaji akashikilia kitufe cha kutenda ili mikono yake idake ukingo wa ng'ambo, huvuka mitatu. Hakuna bahati hapo, hakuna upepo wala uchovu. Lakini ili akimbie kabla ya kuruka anahitaji mraba mmoja wa kuanzia, nao haupimwi kwa jicho. Hupimwa hivi: unashikilia kitufe cha kutembea, ambacho kiko juu ya padi chini ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, na Lara akitembea hivyo haanguki, bali husimama mwenyewe ukingoni kabisa. Unakiachia. Unabonyeza nyuma mara moja, naye huruka kinyumenyume hatua moja, na hatua hiyo ndiyo mraba unaotakiwa. Kisha unamwacha akimbie, na hapa ndipo nilipoteseka: kitufe cha kuruka hakibonyezwi ukingoni. Hubonyezwa mapema, mara tu mbio zinapoanza, na kushikiliwa. Lara huimaliza hatua aliyokwisha ianza, mguu wake hufika mwisho wa jiwe, ndipo anaponyanyuka. Ukingoja mpaka uuone ukingo umechelewa.

Nilipolielewa hilo, usiku wa pili, niliitua padi nikakaa. Nilimwona Kaka akimrudisha Lara nyuma juu ya lile genge. Sikuwa nikimkumbuka kwa kusudi. Alikuja mwenyewe, na vidole vyake vyembamba, na namna alivyokuwa akijilamba mdomo kabla ya kukimbia. Hakuwa akipoteza muda. Alikuwa amesimama ukingoni, amerudi hatua moja, amekwisha anza mbio, na kidole chake kilikuwa njiani kuelekea kitufe katika nukta ileile niliyopiga ukelele. Jambo hilo lilihitaji utulivu wa nukta moja tu, nami niliichukua.

Huenda ukauliza kwa nini waungwana wa Derby walimpa Lara miguu ya namna hiyo. Lawama si yao pekee. Padi ya siku zile ilikuwa na msalaba wa vidole gumba, ambao Gunpei Yokoi wa Nintendo aliubuni kwa ajili ya mchezo wa mkononi wa Donkey Kong, wa mwaka wa 1982. Ulikuwa msalaba wa dunia bapa, dunia ya kushoto na kulia, juu na chini. PlayStation ilipoanza kuuzwa Japani mwezi wa Desemba 1994, padi yake ilikuwa na msalaba kama huo tu. Padi za PlayStation zenye vijiti viwili vya kusukuma upande wowote zilikuja mwaka wa 1997. Mwaka uleule aliozaliwa Lara, Nintendo ilitoa Super Mario 64 kwa mtambo uliokuwa na kijiti, na humo mtu alikwenda upande ule kijiti kilikosukumwa. Huo ndio mtindo ulioshinda, na mwanangu ameuzaliwa nao kama alivyozaliwa na lugha. Toby Gard na wenzake wa Core Design walikuwa na msalaba wenye pande nne, na dunia yenye kina na kimo, na hapakuwa na kawaida iliyokubaliwa bado ya kuyaunganisha mawili hayo.

Wengine walikuwa na sababu nyingine pia. Resident Evil, iliyotolewa na Capcom ya Japani mwaka huohuo wa 1996, ilitumia uendeshaji wa kifaru, lakini humo jicho la mtazamaji limefungwa pembeni mwa chumba na huhamishwa ghafla kila mtu apitapo mlango au kona. Kama mbele ingekuwa ni upande wa juu wa kioo, basi kila jicho lilipohama mtu angegeuka njia bila kutaka. Kwa kuwa mbele ni mbele ya uso wake mwenyewe, huendelea na safari yake hata dunia ikionyeshwa kutoka kwingine. Inachosha, walakini ina akili ndani yake.

Nilijaribu ule uendeshaji wa kisasa pia, maana sikutaka kuwa mzee wa kusifu taabu kwa sababu tu aliipata. Ni mzuri kwa kukimbia na kwa kupigana. Lara hugeuka upesi, hukata kona kama paa. Ila nilipomfikisha ukingoni nikavuta kijiti nyuma ili nipate hatua yangu moja ya kipimo, aligeuka akanitazama usoni. Nikavuta tena, akaja mbio kwangu. Ile hatua haikupatikana kwa kuvuta kijiti, na bila hatua ile nilirudi kukisia kwa jicho. Miguu ni mipya, lakini mapengo yalichimbwa kwa ajili ya miguu ya zamani. Niliurudia ule wa kale kwa hiari yangu, na usiku wa tatu nililivuka bonde, nikayafunga magurudumu matatu, nikayaona maji yakiacha njia yake. Palikuwa saa nane ya usiku. Sikuwa na mtu wa kumwamsha.

Kaka sasa huendesha winchi bandarini Kilindini. Kazi yake ni kukaa ndani ya kibanda cha vioo juu kabisa ya gati, mkono huu kwenye wenzo huu na mkono ule kwenye wenzo ule, akinyanyua makontena kutoka melini na kuyashusha juu ya malori. Aliwahi kunieleza kwamba mzigo unaoning'inia hauachi kwenda pale mkono unapoacha, kwa hiyo mkono sharti uache kabla. Nilimsikiliza siku hiyo kama mtu asikilizavyo habari za hewa. Nami nilikuwa nimehudhuria arusi yake na kumsikia rafiki mmoja wa utotoni akimwita Mkono wa Ubao mbele ya bibi arusi, na kuona jinsi alivyotabasamu kwa midomo peke yake.

Asubuhi nilimpigia simu.

"Shikamoo, Kaka."

"Marahaba. Kuna nini mapema hivi? Mama mzima?"

"Mzima. Nimevuka lile pengo la bondeni."

Alikaa kimya kidogo. Nilidhani hakumbuki. Kisha akauliza, "Ulirudi hatua moja nyuma?"

"Nilirudi."

"Na kitufe, ulikibonyeza ukingoni au kabla?"

"Kabla."

"Ehe," akasema, na kwa mbali nilisikia honi ya lori na kelele za gati.

Nilimwambia kwamba siku ile alikuwa amekwisha fanya kila kitu sawasawa, na kwamba ukelele wangu ndio uliomwangusha Lara, na kwamba lile jina lilitoka kinywani mwangu, nami namwomba radhi kwa jina hilo na kwa miaka yote aliyolibeba. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo tangu usiku, lakini yalitoka yamevurugika.

"Najua ni wewe," alijibu. "Sauti yako niliijua hata gizani. Ulikuwa mtoto." Halafu, baada ya muda: "Lakini liliniuma."

Jumapili alikuja. Alinawa mikono kama aendaye kula, akakataa kiti, akaketi sakafuni, na kumwuliza mwanangu kama mchezo umewekwa uendeshaji wa kale. Mwanangu akamwambia, "Baba mkubwa, ule wa kisasa ni rahisi zaidi," naye akasema anaamini hivyo. Kwa muda wa robo saa aliikagua padi, akatembea, akageuka, akagonga ukuta mara moja. Kisha akaelekea kwenye bonde. Mwanangu alisogea karibu naye, nami nikasimama nyuma yao wote wawili. Alimfikisha Lara ukingoni, akamrudisha nyuma hatua moja, akajilamba mdomo. Neno lile lilinipanda kooni, zima kabisa, kama lilivyokuwa mwaka wa 2000. Nililimeza, nikatazama vidole vyake.